Onjeni Kwanza

Kabla sijaolewa nilimpa mume wangu sharti moja tu. Wenzangu walidai samani, wengine walidai nyumba mbali na wakwe. Mimi nilimwambia: kwako sitakula kitu kilichokataliwa na mtu mwingine. Akacheka, akauliza, "Hilo tu?" Nikamjibu hilo tu, lakini hilo usilifanyie mchezo. Aliponitazama usoni akaacha kucheka.

Nilimweleza sababu siku hiyo hiyo. Mama yangu alipofariki nililelewa na shangazi. Shangazi hakunipiga wala hakuninyima shule, na hadi leo mtu akimsema vibaya namtetea. Ila kwake mimi nilikula wenzangu wakishamaliza. Binamu zangu watatu walikaa mezani, mimi nikasimama jikoni nikisubiri sahani zirudi, na kilichorudi ndicho kilikuwa chakula changu. Wali uliolowana mchuzi wa mtu. Mfupa ulionyonywa. Kipande cha mkate chenye alama za meno. Nilifika mahali nikawa nayatambua meno ya binamu zangu mmoja mmoja. Yule wa kati alikuwa na pengo mbele, kwa hiyo kila alipong'ata mkate kulibaki kinundu katikati, na mimi nilianza na kile kinundu. Miaka saba nilikula hivyo. Sikuumwa hata siku moja. Nasema mapema kwa sababu najua wapo watakaouliza.

Mume wangu alikuwa msimamizi wa tanuri katika kiwanda cha mikate. Mikono yake haina kinyweleo hata kimoja, vyote viliungua huko. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili, kisha wakaleta tanuri jipya linalojisimamia lenyewe, na unga wake ukamwagika. Mwezi mzima alilala chali akitazama dari. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, kwa hiyo njaa hatukulala. Lakini mwanamume aliyezoea kuamka kabla ya jogoo akianza kuamka saa nne, nyumba nzima inanuka huzuni. Watoto wetu walikuwa wameshaondoka, kila mmoja na maisha yake. Tulibaki wawili na ile dari.

Kwanza alianza kupika. Mimi nilikuwa kwenye cherehani tangu asubuhi, yeye akaingia jikoni, na sitamsingizia, anajua kupika kuliko mimi. Kisha siku moja akaja chumbani kwangu, akasimama katikati ya vitambaa, akasema, "Mama watoto, unajua magari yale huwa yanarudi na nini?"

Magari ya kiwanda hutoka alfajiri na mikate mipya, yakirudi yanarudi na ile ambayo haikununuliwa. Mikate ya siku mbili, ndani ya mifuko yake, haina ukungu wala harufu. Ilikuwa inapelekwa kwa wafuga nguruwe, na iliyozidi inafukiwa. Mume wangu alikwenda kwa wakubwa wake wa zamani, wakamwambia achukue bure ilimradi abebe mwenyewe. Akajenga tanuri la matofali uani. Mikate aliikata, akaikausha, akaisaga ikawa unga, akaukanda pamoja na makapi ya karoti aliyopewa na muuza juisi wa kona ya pili, akatia tangawizi, akatoa biskuti. Uso wake siku biskuti za kwanza zilipotoka! Nilimwona tena yule kijana aliyenichumbia.

Nilimsaidia kwa moyo wote, hilo liandikwe. Mimi ndiye niliyechambua vile vipande, kimoja kimoja, kwenye mwanga wa dirisha, na chenye doa la kutilia shaka nilikitupa. Nilishona aproni na vitambaa vya kuanikia. Lakini kula sikula. Naye hakunisogezea sahani hata mara moja. Mara moja tu alisema, kwa upole, "Mkate huu haujaguswa na meno ya mtu. Ulikaa rafuni tu, watu wakaupita."

"Ndiyo hilo la kupitwa," nikamwambia, na yakaishia hapo.

Shida ilikuwa wanunuzi. Mtaani walizipa jina siku ya pili: biskuti za makombo. Nikamshauri aandike kwenye pakiti "Biskuti za Tangawizi" basi, nani atakuja kuuliza? Alinikasirikia kweli kweli. Kila pakiti aliandika kwa mkono wake: mkate uliorudi kiwandani, makapi ya karoti, tangawizi, sukari kidogo. Akaniambia, "Mimi siwezi kumdanganya mtu kuhusu kitu anachokitia mdomoni."

Nilimpenda sana aliposema hivyo. Leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Alichobuni badala ya kuficha kilikuwa ni mpangilio. Watu wakisikia kwanza, alisema, ulimi unafunga mlango. Kwa hiyo hakumwambia mtu kabla. Alikupa biskuti, akasubiri umeze, akakuuliza imekuaje, ukishasifia ndipo akakwambia imetoka wapi. "Onjeni kwanza, nitawaambia baadaye," ndio ulikuwa wimbo wake. Wengine walicheka, wengine walitema pembeni. Mimi nilimwona mjanja.

Kisha ikaja habari ya shule. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, alionja, akaambiwa, akaomba ya pili. Alitaka wanafunzi mia nne wapate biskuti mbili kila mmoja saa nne asubuhi. Sharti lake lilikuwa wazazi wakubali kwenye mkutano wa Jumamosi. Wakikubali, mume wangu ana kazi hadi uzeeni. Wakikataa, hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha, na mimi nilijua dari inamsubiri.

Siku tatu kabla ya mkutano wifi yangu, dada yake, alikuja kunisalimia. Nikamwekea chai na biskuti. Akaniona mimi nakunywa chai kavu.

"Wewe mbona huli, wifi?"

"Mimi situmii," nikajibu bila kufikiri.

Wifi yangu mdomo wake hauna breki. Kesho yake kinyozi wa mtaani, ambaye mwanawe yuko darasa la nne, alikuwa anawaambia wateja kwamba hata mke wa mwokaji hagusi biskuti za mumewe. Jioni mume wangu alikuja chumba cha mbele, akaketi kwenye rundo la kaptula.

"Mama watoto. Kipande kimoja tu. Mbele yao. Hata ukikitema nyuma ya darasa."

"Unajua kwa nini siwezi."

"Najua."

"Basi usiniombe."

Akawa anapapasa mkono wake ule usio na vinyweleo. "Sikuombi tena," akasema. Alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, akaufunga, akaenda jikoni kunipakulia supu. Nilikula supu ile. Ilikuwa nzito, tamu, na nilimsifu.

Jumamosi darasa la sita lilijaa, wazazi wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mwalimu Mkuu alikuwa amegawa vikaratasi vyenye nyuso tatu zilizochorwa: unaocheka, ulionuna, na usio na habari. Unaonja, unatia alama kwenye uso wako. Mume wangu alipita na sinia, shati limenyooshwa, "Onjeni kwanza, nitawaambia baadaye." Wakaonja. Wakatia alama. Mwalimu alipokusanya akahesabu kwa sauti: nyuso zinazocheka hamsini na moja, zilizonuna mbili.

Ndipo akawaambia.

Sijawahi kuona watu wakibadilika haraka vile. Mama mmoja alikuwa anatafuna, akaacha kutafuna, shavu limejaa, hajui ameze au afanyeje. Mzee mmoja akanyoosha mkono akidai karatasi yake arudishiwe, kuna kitu alikosea. Wakacheka, na wengine wakadai zao. Mtu akasema wazi, "Kwa hiyo watoto wetu ndio jalala?" Mume wangu akaeleza usafi, akaeleza ukaguzi, akainua kipande cha mkate juu ili wakione. Hawakumsikiliza. Ndimi zao zilikuwa zimekwisha kupenda, vichwa vinakataa, na vichwa ndivyo vilivyokuwa vinapiga kelele.

Kinyozi akasimama. "Mimi nina swali dogo tu. Mke wa bwana huyu yupo pale nyuma, ndiye anawashonea watoto wetu sare, tunamheshimu. Ningependa tu nimwone akila moja. Akila, mimi nimekubali."

Vichwa vyote vikageuka. Mume wangu akainamisha chake. Hakunitazama, na nilijua hanitazami kwa sababu alikuwa ameahidi kutoniomba.

Nataka hapa nieleze polepole, kwa sababu ni sehemu ambayo yeye mwenyewe haielewi hadi leo. Nilisimama. Nilitembea kutoka nyuma hadi mbele, kati ya madawati, na kabla sijafika nilikuwa nimeshaamua. Nilijiambia: mkate huu umeuchambua mwenyewe. Hakuna meno ya mtu humu. Hakuna aliyekusimamisha jikoni, hakuna anayekulazimisha, huyu mwanamume hakukuomba hata kwa jicho. Utakula kwa sababu unampenda na kwa sababu umetaka. Nilijisikia mwepesi kwa namna ambayo sikuitarajia, kama vile ile miaka saba ilikuwa inasubiri siku moja tu ya mimi kuchukua mwenyewe. Nikachukua biskuti kwenye sinia. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nilikuwa nataka tu kuvuta pumzi.

Yeye aliuona ule mkono. Akadhani nairudisha.

"Ndugu wazazi!" akapaza sauti. "Msimlazimishe, hana haja ya kula hapa! Huyu mnayemwona ana miezi tisa anakula unga huu huu! Kwenye uji wake, kwenye supu, kwenye keki ya Jumapili, kila siku, na hajui! Hajui mpaka hivi sasa! Mtazameni! Amekonda? Ameumwa?"

Watu wakapepesa macho. Kisha darasa likaangua kicheko. Kinyozi alipiga dawati kwa kiganja. "Ee, kweli amenawiri!" Wakapiga makofi. Mama aliyeshindwa kumeza akameza. Mwanamke wa mbele akanishika mkono, anacheka hadi machozi yanamtoka, ananiambia, "Dada yangu, wanaume hawa!" Nilikirudisha kile kibiskuti kwenye sinia na hakuna aliyeona, kwa sababu hawakuhitaji tena nile.

Walikubali. Hata yule mzee alidai karatasi yake arudishe alama ya kwanza.

Njiani nilitangulia mbele yake. Tulipofika niliingia jikoni, nikafungua debe la unga tunaopikia, nikachota kiganjani nikautazama mwangani. Mimi nauchambua mkate ule kila siku, na bado sikuwa nimewahi kulifungua debe lile. Nilikuwa sina sababu ya kulifungua.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Unga wa dukani ulikuwa umeadimika wiki moja," akasema. "Nikatia kijiko kimoja kwenye uji. Hukugundua. Kesho yake nikatia viwili."

"Ulikaa mbele yangu ukinitazama nikila."

"Ulikuwa unaomba nyongeza!" Alisema hivyo kwa furaha, maskini, akidhani ananipa zawadi. "Mke wangu, si unaona? Hukuumwa. Hicho ulichokuwa unakiogopa hakipo."

"Kwa shangazi pia sikuumwa."

Hilo lilimchoma. "Usinifananishe na shangazi yako. Yule alikudharau. Mimi nimekulisha kwa mapenzi."

"Shangazi alikiweka mbele yangu nikakiona," nikamwambia. "Nikala au nikaacha nikijua ni kitu gani. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Akasema nina roho ngumu. Nikamwambia huenda. Jioni ile niliweka jiko dogo la mafuta kwenye chumba cha kushonea, nikachemsha viazi, nikavila nimefunga mlango.

Kazi ilishamiri. Siwezi kusema uongo, ilishamiri. Aliajiri wanawake wawili wa kuchambua, kwa sababu mimi niliacha. Watoto walizipenda zile biskuti, nikiwapima sare wananipumulia tangawizi usoni. Mume wangu alirudi kuamka kabla ya jogoo, akawa anaimba uani. Nilifurahi kwa ajili yake, na hilo ndilo lililokuwa linaniumiza zaidi, kwamba nilifurahi kweli na bado chakula chake hakipiti kooni. Mtaani walinipa jina. Mama Hakujua. Hawakuwa na nia mbaya. "Mama Hakujua, suruali ya mwanangu iko tayari?" Nami naitika, ningefanyaje, ni wateja.

Alijaribu. Kila alipopika alisimama mlangoni kwangu akitaja vilivyomo, chumvi, kitunguu, mafuta, kama mtu anayesoma mashtaka yake. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwambia asante, nimeshakula. Huenda alisema kweli kila siku. Nilikuwa sina njia ya kujua, na mtu akishakosa njia ya kujua ukweli wa anayelala naye kitanda kimoja, sijui anabaki na nini.

Baada ya miezi mitatu shule nyingine, kubwa mara mbili ya ile ya kwanza, ilimwita. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa amesikia ile hadithi. Akatuma ujumbe: njoo na mkeo.

"Wanakutaka wewe," mume wangu akaniambia, amesimama nusu ndani nusu nje. "Wanasema kisa chako ndicho kilichowashawishi wale wengine. Sikulazimishi."

"Nitakuja," nikasema. Alikubali haraka jibu lile, akaliona ni msamaha. Akavaa shati nililomshonea mwaka ule tulipooana, ambalo sasa linambana tumbo.

Nikisema nilipanga nitakuwa najipa sifa nisiyostahili. Nilikwenda kwa sababu nilichoka kupika peke yangu. Nilidhani nikikaa pale, nikasikia watu wakicheka mara ya pili, labda na mimi nitacheka, na yataisha.

Ukumbi ulikuwa mkubwa. Sinia zilipita. Onjeni kwanza. Wakaonja, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Akawaambia, wakaguna. Na hapo akaisimulia ile habari yangu, na nikagundua kwamba ameshaisimulia mara nyingi mahali ambapo sikuwepo, kwa sababu ilikuwa imelainika. Ilikuwa na vituo vya watu kucheka. Aliiga ninavyosukuma bakuli mbele kuomba nyongeza, aliiga hata sauti yangu. Ukumbi ulikuwa hoi kwa kicheko. Nilijaribu kucheka. Kicheko hakikuja.

Karibu na mbele alikuwa amekaa mwanamke mmoja, si kijana si mzee, mtoto wa kike amemlalia mapajani. Yeye alikuwa hacheki sana. Alikuwa na biskuti mkononi, hajaionja bado, na kile kikaratasi chake hakina alama. Wengine walipotulia akauliza, si kwa kejeli, aliuliza kama mtu anayetaka kujua:

"Dada, na sasa, ukishajua, unakula?"

Mume wangu alitabasamu akinitazama. Alikuwa anasubiri niseme ndiyo. Sijawahi kuona mtu aliye na uhakika kiasi kile.

"Biskuti ni safi," nikamjibu yule mwanamke. "Nilizichambua kwa mikono yangu, hakuna uchafu humo, na watoto wanazipenda. Lakini mimi sili. Na si biskuti tu. Sili kitu chochote kinachopita mikononi mwake. Napika changu, nafungia chumbani, na ufunguo ninao hapa."

Nilikuwa nao kweli shingoni. Sikuutoa, niliugusa tu juu ya gauni.

Hakuna aliyepiga kelele safari hii. Yule mwanamke aliirudisha biskuti kwenye sinia taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Wengine wakafuata. Mwalimu Mkuu wa pale akasema tutawajulisha, na wote tulijua maana ya tutawajulisha.

Tulirudi kwa miguu, yeye na boksi begani, mimi na jingine mikononi. Jua lilikuwa kali. Katikati ya njia akasimama.

"Umesema mwenyewe ni safi."

"Ni safi."

"Sasa umeniua kwa lipi?"

"Yule aliniuliza kabla ya kula," nikasema. "Alikuwa bado hajaamua. Nisingeweza kumchezea."

Alihema, akahamishia boksi bega la pili. Sauti yake ilipotoka haikuwa na hasira tena, ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya mkubwa wake. "Na mimi ningekwambia. Wallahi ningekwambia."

"Lini?"

Akafungua mdomo. Niliona anaitafuta kweli hiyo siku, uso umekunjamana, midomo inacheza, anarudi nyuma mwezi baada ya mwezi, uji baada ya uji. Nilimsubiri, tukaendelea kutembea. Tulipita duka la kinyozi, tukapita kwa muuza juisi, tukaingia uani kwetu, na alikuwa hajaipata.